Fuvu la plastiki, kichwa cha mbuzi, atlasi au simu: uchague kipi kujifunzia mifupa ya kichwa?

Swali hili huwafika wanafunzi wa afya wa Mbeya, Iringa, Njombe na Makete wiki ile mada ya mifupa inapopanda kichwani. Hadi hapo mambo yalikuwa mepesi. Paja ni mfupa mmoja, unaushika, unaugeuza, umemaliza. Fuvu lina mifupa 22: minane imejenga boksi la ubongo na 14 ni ya uso. Ukiongeza vifupa vitatu vya kila sikio unafika 28, na haiodi ya kooni ni wa 29. Halafu kuna matundu, na hayo ndiyo yanayowalaza watu macho. Chuo kina fuvu moja au mawili, darasa limejaa, maabara inafungwa jioni. Basi mtu anajiuliza: nichange pesa tununue la plastiki, nikaombe kichwa cha mbuzi buchani, nitoe nakala ya atlasi steshenari, au nipakue programu ya simu?

Tusikuzungushe. Anayesomea utabibu au udaktari anahitaji fuvu la plastiki lenye matundu yaliyotoboka kweli, lililonunuliwa na kikundi cha watu watano au sita, na atlasi pembeni. Mwalimu wa biolojia wa sekondari anatosheka na kichwa cha mbuzi kilichosafishwa vizuri. Mkunga ana shida yake tofauti kabisa, tutaifikia. Simu ni msaidizi mzuri wa kila mmoja, lakini ukiifanya mwalimu mkuu itakuangusha.

Kinachotakiwa mkononi

Kwenye mtihani wa vitendo fuvu limewekwa mezani, kijikaratasi kimebandikwa kwenye tundu, na dakika zinahesabika. Kulijua tundu ni kujua mambo matatu: liko kwenye mfupa gani, likitoboka linatokea wapi upande wa pili, na nini kinapita humo. La kwanza na la tatu unaweza kuyakariri kitabuni. La pili picha hailitoi. Lazima upitishe kitu uone kinakotokea.

Mfano unaowaangusha wengi ni forameni (yaani tundu) rotundamu. Ukitazama sakafu ya fuvu kwa ndani unaiona bayana, mbele kidogo ya forameni ovale. Ukiligeuza fuvu kichwachini uitafute, huioni, kwa sababu haitokei chini. Inafungukia mbele, kwenye upenyo uliojificha nyuma ya taya la juu. Aliyesoma kwa picha pekee huanza kuonyesha tundu lingine lolote lililo karibu. Aliyewahi kupitisha uzi hasahau, maana uzi wake ulitokea mahali asipopategemea.

Kwa hiyo kila chombo hapa chini tunakipima kwa swali moja kwanza: uzi unapita?

| | Fuvu la plastiki | Kichwa cha mbuzi | Atlasi | Programu ya simu |
|---|---|---|---|---|
| Uzi kupita kwenye matundu | Ndiyo, kama ni zuri | Ndiyo, ila matundu si yale yale | Hapana | Hapana |
| Mshono wa mifupa | Umechongwa au umechorwa tu | Halisi | Picha | Picha inayozunguka |
| Mifupa iliyojificha ndani | Shida | Ndiyo, ukiibomoa | Vizuri | Vizuri kuliko vyote |
| Ukubwa halisi | Ndiyo | Si wa binadamu | Hapana | Unapotosha |
| Gharama | Kubwa | Ndogo, kazi nyingi | Ndogo | Bando na chaji |
| Kinachoharibika kwanza | Springi za taya | Mifupa ya ndani ya pua | Rangi, kwenye nakala | Simu yenyewe |

Fuvu halisi la mtu

Hili hatukuliweka kwenye jedwali kwa makusudi. Ni bora kuliko yote kwa kujifunzia, na si la kununua. Mafuvu mengi ya zamani kwenye vyuo vya dunia yalitoka India, na India ilipiga marufuku kuuza mifupa ya watu nje mwaka 1985. Kuwa nalo geto, kwenye chumba cha kupanga Mwanjelwa au Kihesa, ni kujitafutia maelezo ambayo hutayamaliza, kwa mwenye nyumba wala kwa polisi. Na watu wa nyanda hizi hawahitaji kufundishwa kwamba fuvu la mtu ni mtu. La Mtwa Mkwawa, chifu wa Wahehe aliyekufa mwaka 1898, lilichukuliwa na Wajerumani. Kurudishwa kwake kukaandikwa kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Na hata hivyo lilifika Kalenga mwaka 1954 tu, baada ya Gavana Edward Twining kulifuata kwenye jumba la makumbusho la Bremen. Ukiingia maabara ukakuta wenzako wanapiga picha za utani na fuvu la chuo, kumbuka Kalenga.

La chuo litumie kwa adabu na kwa akili. Libebe kwa mikono miwili, kiganja kimoja chini. Usiingize vidole kwenye matundu ya macho kama unayeshika mpira: ukuta wa ndani wa tundu la jicho, penye mfupa wa machozi na bamba la ethimoidi (mfupa ulio kati ya macho mawili), ni mwembamba kama karatasi, na ndiyo maana mafuvu mengi ya vyuo yametoboka hapo. Usilinyanyue kwa upinde wa kitefute. Liweke juu ya kata ya kitenge, kama ile ya kubebea ndoo, lisivingirike. Kuonyeshea tundu tumia unyasi au bua laini la fagio, si kalamu ya risasi, maana kalamu inaacha alama na inachimba.

Faida yake kubwa ni kwamba halifanani na lingine. Utakuta lenye vifupa vya ziada ndani ya mshono wa kisogoni, lenye mshono wa paji ambao haukufunga tangu utotoni, lenye tundu la jugula (vena kubwa ya shingo) la kulia kubwa kuliko la kushoto (hilo ni la kawaida kabisa). Mafuvu ya plastiki yametoka kwenye kalibu moja, yote mapacha. Hivyo hata ukinunua la plastiki, usiache kuhudhuria saa za maabara. Mtihani unaweza kuja na lile la chuo lililochakaa, lisilo na meno ya mbele, na ukababaika.

Fuvu la plastiki: kulikagua kabla ya kulipa

Hapa ndipo pesa hupotea. Kwa macho mafuvu ya plastiki yanafanana. Kwa uzi hayafanani hata kidogo. La bei rahisi mara nyingi ni pambo la mezani: limetobolewa tundu kuu la kisogo, pengine na mawili mengine, na yaliyobaki ni vidoti vya rangi au vibonde visivyo na upande wa pili. Wengi huagiza Dar es Salaam likaja kwa basi, na likishafika Mbeya kurudisha ni kazi. Mwombe anayekununulia akague palepale dukani, au akutumie video akifanya hivi.

Aanze na rula. Kutoka paji hadi kisogo fuvu la mtu mzima lina kama sentimita 17 hadi 19. La sentimita 10 ni la kuwekea funguo.

Afungue kofia ya juu. Isiyofunguka hainunuliwi, hata kama ni ya bei ya kutupa, kwa kuwa nusu ya somo iko ndani. Sakafu ya ndani ishuke kwa ngazi tatu: ya mbele iko juu, ya kati inafuata, ya nyuma iko chini kabisa. Ngazi zikiwa hazionekani vizuri, kalibu ilikuwa mbovu na matundu nayo yatakuwa mabovu.

Achukue njiti ya chelewa au waya mwembamba wa shaba na kujaribu, akitokea ndani kwenda nje: mfereji wa neva ya macho, ufa wa juu wa tundu la jicho, rotundamu, ovale, spinosamu, mfereji wa karotidi (ateri kubwa ya shingo), tundu la jugula, mfereji wa hipoglosi (neva ya ulimi). Spinosamu ndiyo kipimo kikali. Kwa mtu ina upana wa kama milimita 2 tu, iko nyuma na nje kidogo ya ovale, na mafundi wa kalibu wavivu huiruka. Ikipita njiti, hilo fuvu limetengenezwa na anayejua. Mfereji wa neva ya 7 (neva za ubongo huhesabiwa 1 hadi 12) ndani ya mfupa wa panja una kona, na kwenye plastiki karibu kila mara hautoboki mwanzo hadi mwisho. Uzi ukikwama hapo usilaumu duka.

Kisha mshono. Wa kuchongwa ukipitisha ukucha unausikia. Wa kuchorwa kwa wino utafutika na jasho la mikono kabla muhula haujaisha. Meno yahesabiwe, na yawe 32. Mengine yana 28 bila magego ya mwisho, si kosa kubwa kwa tabibu lakini kwa anayesomea kinywa na meno ni kosa. Taya la chini lifunguliwe na kufungwa: kifundo chake kiingie kwenye kibonde cha mfupa wa panja mbele ya tundu la sikio, kisining'inie hewani. Springi za taya hupata kutu, na skrubu zake hulegea. Afadhali zilizo na ndoano unazoweza kubadilisha kwa waya wa kawaida. Mwiba wa stailoidi chini ya sikio huvunjika mapema sana, kwa hiyo wengi huutengeneza mnene kama mpira. Huo unene uvumilie.

Vipi kuhusu yale ya rangi, kila mfupa na rangi yake? Kwa mwezi wa kwanza ni matamu. Unaona sifenoidi ya njano (mfupa wa katikati ya sakafu ya fuvu) ikigusa mifupa mingine yote ya boksi la ubongo, jambo ambalo kwenye fuvu jeupe linakuchukua wiki kulielewa. Tatizo linakuja baadaye: macho yanazoea rangi, na ukiwekewa fuvu jeupe unabaki kukodoa. Kikundi chenye pesa za fuvu moja tu kinunue jeupe, kisha kibandike vipande vya utepe wa rangi vinavyobanduka. Kuhusu yenye namba, ni sawa, ila karatasi ya majibu ipigeni picha siku ileile, maana ndiyo ya kwanza kupotea.

Kwenye basi, ondoeni taya na springi, zifungeni peke yake, jazeni ndani ya kofia kwa nguo, na boksi lisiende chini ya magunia ya viazi. Meno ya mbele ndiyo hupasuka.

Fuvu likishafika, nunueni nyuzi za sufu za rangi tatu. Njano ni neva, nyekundu ni ateri, bluu ni vena. Neva ya macho na ateri ya jicho zinapita pamoja kwenye mfereji mmoja. Kwenye ufa wa juu wa tundu la jicho pitisheni nyuzi nne za njano: neva ya 3, ya 4, ya 6, na tawi la kwanza la neva ya 5. Tawi la pili liende rotundamu, la tatu liende ovale. Nyekundu moja ipite spinosamu, halafu ndani ya fuvu ifuateni kwa kidole: mfereji wake mdogo unapanda ukutani hadi pterioni, pale paji, utosi, panja na sifenoidi vinapokutana. Hapo mfupa ni mwembamba na ateri imelala nyuma yake. Ndiyo maana aliyeanguka na bodaboda bila kofia ngumu akagonga panja anaweza kuamka, akazungumza, na saa chache baadaye akapoteza fahamu, damu ikiwa imekusanyika kati ya mfupa na utando wa ubongo. Tundu la jugula linapokea neva ya 9, 10 na 11 na uzi mnene wa bluu. Hipoglosi ni ya neva ya 12 peke yake.

Kosa moja la nyuzi: watu hupitisha ateri ya karotidi moja kwa moja juu kupitia forameni laseramu, kwa kuwa tundu hilo ni pana na linaonekana. Kwa mtu hai upande wake wa chini umezibwa na gegedu. Karotidi inaingia kwa mfereji wake, inapinda ndani ya mfupa wa panja, inapita juu ya laseramu. Fuvu kavu linadanganya hapo, la plastiki na la mtu sawia.

Kichwa cha mbuzi

Wanaokidharau hawajakibomoa. Kwa mfupa halisi, mshono halisi na mifupa iliyolala ndani ya pua, hakuna plastiki inayokifikia, na ndicho chombo pekee ambacho unaweza kukitenganisha kipande kwa kipande bila dhambi.

Kinunue buchani, kwa mnyama aliyekaguliwa. Kibudu usiguse, hata ukipewa bure, kimeta huua. Ongea na mwenye bucha mapema, kwa sababu vichwa vya supu hubabuliwa motoni na kupasuliwa kwa shoka ili kutoa ubongo, na vyote viwili vinakuharibia. Unataka kichwa kizima, hakijababuliwa, na ikiwezekana cha mbuzi mdogo, maana mishono yake bado haijashikana.

Vaa glavu. Chuna, toa macho na ulimi, kata misuli ya shavu utenganishe taya. Ubongo utolewe kwa tundu la kisogo: ingiza waya uliokunjwa ncha, koroga, miminia maji, rudia. Kisha sufuria isiyo ya kupikia tena, maji, kijiko kimoja cha sabuni ya unga, na moto mdogo sana. Maji yatikisike tu, yasitokote. Ukichemsha kwa nguvu mafuta yanazama ndani ya mfupa na fuvu litakuwa la njano lenye harufu milele, na mifupa laini ya pua itasambaratika. Saa mbili hadi nne, ukibadili maji mara moja, halafu nyama inatoka kwa kijiko na mswaki. Njia nyingine ni kuloweka kwenye ndoo yenye mfuniko hadi nyama ioze yenyewe. Inatoa mfupa msafi zaidi, lakini kwa baridi ya Makete au Njombe ya Juni na Julai itachukua wiki nyingi, na majirani hawatakusamehe.

Baada ya nyama toa mafuta: loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya kuoshea vyombo, badilisha kila yakichafuka, siku kadhaa. Kung'arisha, tumia haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 kutoka duka la dawa, lizamishe fuvu kwa siku moja, chombo kisifungwe kikakaza kwa kuwa gesi hujaa. Jiki usitumie. Inang'arisha leo, lakini inakula protini ya mfupa, na baada ya miezi fuvu linamenyuka kama chaki. Likaushe kivulini, jua kali hupasua meno.

Ukitaka kulitenganisha, hapa nyanda za maharage zina bahati. Jaza boksi la ubongo kwa maharage makavu kupitia tundu la kisogo, ziba kwa kitambaa kilichofungwa imara, zamisha kwenye maji. Maharage yakivimba yanasukuma mishono kutoka ndani, taratibu na sawasawa, na mifupa inaachana bila kuvunjika. Ni njia ya zamani ya wataalamu wa anatomia. Kwa mbuzi mzee haifanyi kazi vizuri, mishono imeshafungana.

Sasa mipaka yake, na ni mingi. Mbuzi ana mifupa miwili ya paji yenye mshono katikati, mtu mzima ana mmoja. Taya la chini la mbuzi ni nusu mbili ambazo hazikuungana kabisa mbele. La mtu liliungana akiwa mchanga. Tundu la kisogo kwake liko nyuma, kwa mtu liko chini kwa sababu tunasimama wima. Rotundamu ya peke yake hana: imeunganika na ufa wa tundu la jicho kuwa uwazi mmoja. Na mtego wa meno: mbuzi mzima naye ana 32, idadi ileile ya mtu, lakini mbele juu hana hata moja. Nguruwe, ambaye kitimoto cha huku kinampatikanisha kirahisi, ana meno 44 na hana forameni ovale inayojitegemea, hivyo kwa somo la matundu ni mbaya zaidi ya mbuzi.

Kuna anayewaza nyani au ngedere, kwa kuwa wanamkaribia mtu. Acha. Kichwa cha mnyamapori bila kibali ni nyara ya Serikali, na kesi yake si ndogo.

Atlasi na simu

Atlasi ya zamani haina ubaya, mifupa haijabadilika. Majina yamebadilika kidogo, na orodha ya kimataifa inayotumika imetokana na ile ya 1998, kwa hiyo ukikuta jina tofauti na la mwalimu fuata la mwalimu. Toleo la Marekani la 1918 la Gray's Anatomy halina tena hakimiliki na linapakuliwa bure, na michoro yake ya fuvu bado ni safi. Nakala ya nyeusi na nyeupe ya atlasi ya rangi ni hasara, kwani mishale ya rangi yote inakuwa kijivu. Tafuta iliyochorwa kwa mistari tangu mwanzo. Na steshenari wakikupunguzia kurasa mbili ziwe moja ili kuokoa karatasi, majina ya matundu hayatasomeka.

Simu inashinda pahali pamoja: mifupa iliyojificha. Ethimoidi na sifenoidi huwezi kuzitoa kwenye fuvu la plastiki, ila kwenye simu unaficha nyingine zote na kuizungusha sifenoidi kama popo aliyekunjua mabawa. Fanya hivyo usiku mmoja na utaelewa zaidi ya wiki nzima ya kitabu. Lakini spinosamu ya milimita 2 ikijaza kioo kizima, ukija mezani hutaiona. Kulia na kushoto navyo vinapotea ukishazungusha mara tatu. Pakua programu inayofanya kazi bila intaneti, ukiwa mjini, kabla hujapanda gari la kwenda kwenye mazoezi ya vijijini.

Mkunga, na kichwa cha mtoto

Fuvu la mtu mzima halimsaidii sana mkunga. Anachohitaji ni utosi na mishono kwa ncha ya kidole: utosi wa mbele wenye pembe nne, unaofunga karibu mwezi wa 18, na wa nyuma wenye pembe tatu, unaofunga ndani ya miezi miwili au mitatu. Kwa hivyo viwili anajua mtoto ameelekea wapi. Na anahitaji vipimo: sentimita 9.5 kutoka mfupa wa utosi wa kulia hadi wa kushoto, 9.5 tena kichwa kikiwa kimeinama vizuri, kama 11.5 kikiwa hakijainama, na 13.5 kikija na paji mbele.

Fuvu la plastiki la mtoto lipo na ni zuri, ila udongo wa mfinyanzi unafanya kazi. Ule wanaotumia Wakisi kwa nyungu zao pale Ikombe na Matema ni laini na hauna mchanga mwingi. Finyanga kubwa kidogo kwa kuwa udongo husinyaa ukikauka, bonyeza utosi kwa kidole gumba, chora mishono kwa njiti, kisha pima kwa rula mbili zilizosimamishwa. Weka ndani ya mfuko mweusi na ujaribu kuutambua kwa kidole bila kuona, kama wodini.

Ukiwa na pesa kidogo sana

Kichwa chako mwenyewe hakidai nauli. Bonyeza nyuma ya sikio upate mastoidi, fuata upinde wa kitefute kwa kidole hadi mbele ya sikio, fungua mdomo uhisi kifundo cha taya kikiteleza mbele. Kisogoni katikati kuna kinundu. Kwenye ukingo wa juu wa jicho, karibu na pua, kuna kijipengo ambamo neva hupita, na ukibonyeza sana kinauma. Pterioni iko kama sentimita 4 juu ya katikati ya upinde wa kitefute. Weka kidole hapo, uume meno, na utahisi msuli wa panja ukikaza juu yake. Wenye misuko wafanye siku ya kufumua.

Halafu changeni. Watu sita wakilipia fuvu moja zuri, kila mmoja analala nalo siku moja na ya saba ni ya kuulizana. Aliye nalo siku hiyo ndiye anayebeba nyuzi, na akilirudisha bila mwiba wa stailoidi, gundi ni yake.